Kambare wanyonyaji: Wadhaniwa wasafishaji, wafa kwa njaa

WATU wengi wanaofuga samaki wa mapambo majumbani hununua kambare mnyonyaji kwa sababu moja tu: vioo vya tangi vimeota ukijani na mwenye tangi amechoka kuvisugua. Muuzaji humhakikishia kwamba samaki huyo mdogo ataifanya kazi hiyo bila malipo na bila chakula. Samaki hupelekwa nyumbani, vioo hung'aa ndani ya siku chache, na kabla mwezi haujaisha samaki mwenyewe hukutwa amelala ubavu chini ya tangi. Mwenye tangi husema ameuawa na ugonjwa, au kwamba maji hayakumfaa. Mara nyingi ameuawa na njaa, tena ndani ya tangi lililo safi kuliko siku alipoingizwa.

Hilo ndilo jambo linalostahili kueleweka kabla ya mengine yote kuhusu samaki hawa. Si wasafishaji. Hawali kinyesi cha samaki wenzao wala mabaki ya chakula yaliyooza. Kinyume chake, wao wenyewe hula mchana kutwa, hutoa kinyesi mchana kutwa, na kuongeza uchafu katika maji. Ni walisha wa majini, mfano wa mbuzi, na mbuzi aliyefungwa katika uwanja usio na jani hatima yake inajulikana.

Kambare wanyonyaji wanaouzwa madukani wanatoka katika ukoo uitwao kitaalamu Loricariidae, ambao ndio mkubwa kuliko koo zote za kambare duniani, ukiwa na spishi zaidi ya 1,000. Makazi yao ya asili ni mito ya Amerika, kuanzia Costa Rica na Panama hadi Argentina. Badala ya magamba wana mabamba ya mfupa, na mdomo wao uko chini ya kichwa, umeumbwa kama kikombe kilichofunikwa, ili samaki aweze kujigandisha kwenye jiwe au gogo mkondo wa maji usimchukue. Jina "mnyonyaji" linaweza kumchekesha msomaji aliyekulia Tanzania ya Azimio la Arusha, ambako lilikuwa neno la kumshutumu kabaila na kupe. Huyu hanyonyi jasho la mtu. Mdomo humsaidia kushika, na kula hufanywa kwa meno madogo mengi yanayokwangua.

Mito ya Afrika Mashariki nayo ina kambare wenye midomo ya kujigandisha, wa jamii ya Chiloglanis, lakini hao ni wa ukoo mwingine, ndugu wa gogogo. Yanayoelezwa hapa hayawahusu.

Miongoni mwa wanyonyaji wa Amerika wamo wagumu, kama Ancistrus mwenye vishungi usoni, ambaye huvumilia makosa mengi ya mfugaji. Wamo pia walio dhaifu, na hao ndio tunaowazungumzia.

Wa kwanza ni oto, yaani jamii ya Otocinclus, yenye spishi zipatazo 20. Ni samaki wa sentimita 3 hadi 5, wengi wao wenye mstari mweusi ubavuni. Anayependwa zaidi kwa urembo ni oto mwenye milia kama pundamilia, Otocinclus cocama wa Peru, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2004. Wa pili ni kambare kijiti, jamii ya Farlowella, mwembamba, wa rangi ya kahawia, mwenye pua iliyorefuka, ambaye ukimtazama kwa haraka utadhani ni kijiti kilichoangukia majini. Jina la jamii hiyo, lililotolewa mwaka 1889, linamuenzi William Gibson Farlow, mtaalamu wa mimea wa Marekani aliyebobea katika elimu ya mwani. Ni heshima inayolingana vizuri na mlo wa samaki mwenyewe. Wa tatu ni Sturisoma, anayefanana na kijiti lakini mnene zaidi na mwenye mapezi yanayoishia kwa nyuzi ndefu. Wale wa Colombia wanaofugwa zaidi walihamishiwa mwaka 2019 katika jamii ya Sturisomatichthys, hivyo mnunuzi asishangae akikuta majina mawili kwa samaki mmoja. Vilevile samaki anayeuzwa kwa jina la Farlowella acus kwa kawaida ni Farlowella vittata wa bonde la mto Orinoco.

Tumbo ndilo ushahidi

Ili kuelewa njaa ya samaki hawa ni lazima kuelewa chakula chao huko mtoni. Kila jiwe, jani na gogo lililozama hufunikwa na utando laini wenye mwani, bakteria na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mwani unaotajwa hapa si ule unaolimwa Paje na Jambiani, bali ule wa kijani unaoota ndani ya mtungi uliosahauliwa juani. Utando huo una lishe kidogo kwa kila mdomo mmoja, kwa hiyo samaki hulazimika kukwangua saa nyingi kila siku, na utumbo wao ni mrefu, umejikunja mara nyingi, ukisubiri chakula kipite bila kukoma. Mwili wa namna hiyo haukuumbwa kwa mlo mmoja wa jioni.

Sasa fikiria safari ya oto. Wengi wa wanaouzwa bado huvuliwa mitoni. Hukusanywa, huwekwa katika mabwawa ya muda, husafirishwa kwa ndege, hukaa kwa msambazaji, kisha dukani, na katika vituo vingi kati ya hivyo hawapati cha kukwangua. Wanapofika katika tangi la mteja matumbo yao yamekuwa matupu kwa siku nyingi. Tangi likiwa jipya, lenye vioo vinavyometa na mawe yaliyooshwa, samaki huyo amehamishwa kutoka njaa moja kwenda nyingine.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza ni kusubiri. Tangi lifanye kazi kwa miezi mitatu au zaidi kabla oto au kijiti hajaingizwa, na ukijani ulioota kwenye kioo cha nyuma na kwenye mawe uachwe ulivyo. Msuguaji hodari ndiye mfugaji mbaya wa samaki hawa.

Ushauri wa pili ni kulitazama tumbo kabla ya kulipa fedha. Samaki hawa hujigandisha kwenye kioo, na hapo tumbo huonekana wazi kutoka nje. Tumbo la oto aliyeshiba limevimba kidogo kama punje ya choroko. Lililobonyea ndani, likiambatana na macho yaliyoingia, ni dalili ya samaki ambaye huenda asipone hata akipewa chakula kizuri. Kwa kambare kijiti uchunguzi huu ni muhimu zaidi, kwa sababu umbo lake ni la kukonda siku zote na mtu anaweza kumwona kila asubuhi bila kutambua kwamba anadhoofika. Muuzaji aombwe amlishe kipande cha tango mbele ya mteja. Samaki asiyekisogelea aachwe hapo hapo dukani.

Nini cha kuwapa

Chakula cha msingi kinapatikana sokoni. Mumunya changa, tango, mchicha, maharage mabichi na njegere zilizomenywa vyote vinafaa. Mboga ioshwe vizuri kwa sababu ya mabaki ya dawa za wadudu, ichemshwe dakika moja au mbili hadi ilegee, ipoozwe, kisha izamishwe kwa kuchomekwa kwenye uma au kijiko cha chuma kisichoshika kutu. Wakati mzuri wa kuiweka ni jioni taa zinapozimwa, kwa sababu samaki wenye pupa huwa wametulia. Asubuhi kilichobaki kitolewe, maana mboga iliyolala tangini siku mbili huharibu maji kuliko inavyolisha. Tango hupendwa sana, lakini karibu lote ni maji, na samaki anayepewa tango peke yake hukonda huku akila. Mumunya na mchicha vina nguvu zaidi.

Njia iliyo bora kuliko mboga, na isiyogharimu chochote, ni kulima utando wenyewe. Chukua mawe laini ya mtoni, yatie katika beseni la maji yaliyotolewa tangini, liweke beseni hilo mahali penye jua, na baada ya wiki moja au mbili mawe yatakuwa yamevaa vazi la kijani. Weka mawili tangini, yaliyokwanguliwa yarudishe juani. Beseni lifunikwe kwa chandarua, la sivyo mfugaji atakuwa anafuga mbu. Katika nchi zetu zenye jua la mwaka mzima njia hii ni rahisi mno, nasi tuna bahati ambayo wafugaji wa Ulaya hulazimika kuinunua kwa taa za umeme.

Kuna pia unga wa spirulina, mwani ule ule mdogo unaowalisha flamingo wa maziwa ya magadi kama Bogoria na Natron. Ukikorogwa kwa maji kidogo, ukapakwa juu ya jiwe na kuanikwa hadi ukauke, jiwe hilo hugeuka kuwa malisho ya siku nzima. Wengine husaga njegere, mchicha na spirulina pamoja, huchanganya na jelatini, na kuhifadhi vipande katika friza. Vidonge vya mwani vinavyouzwa madukani si vibaya, ila samaki wengine huvila kabla mnyonyaji mwoga hajafika.

Tahadhari moja ni kwamba mdomo wa kujigandisha hauthibitishi kwamba samaki ni mla majani. Hypancistrus zebra, kambare wa milia myeupe na myeusi kutoka mto Xingu nchini Brazil, huhitaji nyama: minyoo, kamba wadogo, viluwiluwi. Samaki huyo, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1991, aliwekwa katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa kimataifa wa CITES kwa uamuzi wa mkutano uliofanyika Panama mwaka 2022, na Brazil ilikwisha kukataza kuuzwa nje muda mrefu kabla ya hapo. Wapo pia wanaotafuna magogo, jamii ya Panaque, ambao ilidhaniwa humeng'enya mbao kama mchwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba sivyo; mbao hupita tumboni haraka, na kinachowanufaisha ni vile vilivyomo ndani ya mbao iliyooza. Kwa hiyo anayeweka gogo tangini na kudhani amekwisha kulisha, amekosea.

Maji na hewa ya chumbani

Kwa maji, tuseme kwa kifupi. Nyuzi joto 24 hadi 26 zinawafaa, maji yawe laini au ya wastani, pH kati ya 6 na 7.5, na robo ya maji ibadilishwe kila wiki. Kwa sababu hiyo hawafai kuchanganywa na samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, wanaopenda maji magumu yenye pH ya 8 na zaidi, na ambao isitoshe ni wagomvi. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi. Mtu anayetegemea kisima hufanya vyema kukinga maji ya mvua, akiacha mvua za mwanzo zisafishe bati kwanza. Maji ya bomba yenye klorini yakae katika ndoo wazi kwa saa 24.

Oto wana utaratibu mwingine unaofaa kujulikana. Oksijeni inapopungua hupanda juu, humeza hewa na kuitumia kupitia sehemu ya njia ya chakula. Anayewaona wakipanda mara kwa mara aangalie pampu. Umeme unapokatika kwa saa kadhaa, hali hiyo huanza mapema kuliko wengi wanavyotarajia, na pampu ndogo ya betri inafaa iwepo nyumbani.

Hatari kubwa zaidi katika nyumba za ukanda huu ni dawa ya mbu ya kupuliza. Kemikali zake nyingi ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo, na pampu ya hewa huivuta kutoka chumbani na kuipuliza moja kwa moja ndani ya maji. Chumba cha tangi kisipulizwe dawa. Ikibidi, pampu izimwe, tangi lifunikwe vizuri kwa kitambaa chenye maji, na madirisha yafunguliwe muda wa kutosha kabla pampu haijawashwa tena.

Kambare kijiti asikamatwe kwa wavu. Pua yake na mapezi hunasa kwenye matundu na kuvunjika. Aelekezwe taratibu ndani ya bakuli.

Kuzaliana: kazi rahisi, kisha kazi ngumu

Kumpata kambare kijiti atage si jambo gumu. Dume hutambulika kwa vijinywele vigumu vinavyoota pembeni mwa pua yake anapokomaa. Jike hana, na pua yake ni nyembamba zaidi. Kwa Sturisoma vijinywele hivyo huota mashavuni na kuonekana kama ndevu. Majike yakilishwa vizuri kwa wiki kadhaa, na maji yakibadilishwa kwa mengine yaliyopoa nyuzi mbili au tatu kana kwamba masika yameingia, jike hutaga usiku juu ya kioo au jani pana, mahali penye mkondo wa maji. Mayai, mara nyingi kati ya 40 na 80, hupangwa katika tabaka moja, na mwanzoni huwa ya kijani kinachopenya mwanga.

Kuanzia hapo mama huondoka na baba hushika zamu. Dume hukaa juu ya mayai usiku na mchana, huyapepea kwa mapezi, huyalamba, na huyaondoa yaliyoota ukungu. Anaweza kulinda mayai ya majike zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja, ya umri tofauti. Mfugaji asimtoe na asijaribu kuyabandua mayai. Baada ya siku 6 hadi 10, kwa kutegemea joto, macho meusi ya vifaranga huonekana ndani ya mayai, kisha huanguliwa.

Kwa siku mbili au tatu vifaranga huishi kwa akiba ya kiini cha yai. Hujibandika kioo karibu na walipozaliwa, wembamba kama nyuzi, wasisogee. Mfugaji hufurahi. Siku ya tano huanza kufa, na siku ya kumi wamekwisha, ilhali maji ni mazuri na mchicha umejaa sakafuni. Hili ndilo janga linalowakatisha tamaa wafugaji wengi wa kambare kijiti, na chanzo chake ni kile kile kinachowaua wazazi, ila kwa kasi kubwa zaidi. Kifaranga hana akiba mwilini. Hawezi kuogelea nusu mita kukitafuta chakula. Asipokuta kitu cha kukwangua pale pale mdomo wake ulipo, hufa akiwa amezungukwa na chakula.

Dawa yake ni kukipeleka chakula mahali alipo, saa zote. Mara mayai yanapotagwa, yaani wiki nzima kabla ya haja, mawe na majani makavu yapelekwe juani yaote utando. Majani ya mkungu yaliyokaushwa na kulowekwa hadi yakaanza kulainika hushika utando huo vizuri, na vifaranga hukaa juu yake kama kuku kwenye pumba. Vifaranga wahamishiwe kwenye kisanduku chenye matundu kinachoelea ndani ya tangi lile lile, ili maji yasibadilike, na mkondo kutoka kwenye chujio upite humo. Chombo kidogo ni bora kuliko kikubwa, kwa kuwa hakuna mahali pa kifaranga kuwa mbali na chakula. Mchicha uliochemshwa hadi ukavurugika, mumunya laini na jiwe lililopakwa spirulina vibadilishwe mara tatu au nne kwa siku, na mabaki yanyonywe kwa mpira mwembamba kama wa dripu. Wiki mbili za kwanza ndizo zinazoamua. Mtu anayepanga kusafiri asiwazalishe samaki hawa mwezi huo.

Oto ni tofauti. Hawana mlezi. Jike, ambaye ni mnene kuliko dume, hubandika yai moja moja au mawili matatu kwenye majani na kioo, kisha wote huondoka. Mayai huanguliwa ndani ya siku mbili hadi nne, na vifaranga ni wadogo kiasi kwamba wafugaji wengi hugundua tu siku moja kuna oto wa sentimita moja kwenye jani. Hutokea zaidi katika matangi yaliyosongamana mimea, yenye umri wa mwaka na zaidi, ambamo kundi la oto sita au zaidi linaishi bila samaki wala mayai. Ndani ya msitu huo kuna utando wa kutosha kumlea kifaranga bila mkono wa mtu. Watu waliojaribu kuwalea katika chombo kitupu kwa chakula cha unga hawafanikiwi sana.

Vifaranga wa kambare kijiti hukua polepole. Wakifika sentimita tano, wakiwa na matumbo ya mviringo na wamezoea mboga, wanaweza kupewa mfugaji mwingine, na afadhali kumkabidhi pamoja na jiwe moja la kijani. Waliozidi wasimwagwe mtoni wala bwawani. Ndugu zao wakubwa wa jamii ya Pterygoplichthys waliotoroka au kuachiwa wamekuwa mzigo kwa wavuvi wa bwawa la Infiernillo nchini Mexico na wa ziwa Laguna de Bay nchini Ufilipino, ambako hujaza nyavu na kuzichana kwa miiba yao.